Resti Kwenye Mlango wa Wageni

2 Desemba
Mvua imeanza. Mume wangu, Baba Kendri, kaniambia nimpumzishe masikio, kama maneno yamenijaa basi niyaandike. Nimechukua daftari la Kendri la shule, kurasa za nyuma ziko tupu, na mwenyewe yuko melini anatandikia watalii vitanda, hatakuja kulidai. Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo atakayesoma asinicheke mwandiko. Na atakayesoma ni nani, si mimi mwenyewe.

Leo ukungu mtupu. Wageni wachache, vikoi nilivyowakodisha vimerudi vimelowa.

3 Desemba
Mvua.

6 Desemba
Leo nina neno.

Niko mezani pangu mbele ya hekalu, nakodisha vikoi na mishipi kama kila siku, maana hakuna anayeingia kwa miungu na miguu wazi na kiuno hakijafungwa. Birika liko motoni. Likaja basi la wageni kutoka kusini, wakashuka wale wenye makamera, wakashuka wale wanaotapika kwa sababu ya kona za mlimani, mwisho kabisa akashuka mwanamke wa kwetu kabisa, mtu wa Bali, na suruali yake na begi moja. Akashika mshipi wa njano. Nikamtajia bei ya watu wa kisiwani, maana wa ng'ambo wana yao.

Akasema, "Mama Kendri, umenisahau?"

Nikamwangalia. Kumbe Resti! Resti wa jirani yangu, aliyetoroka alfajiri kwenye pikipiki ya kijana wa bondeni kwenye mpunga, wakati huo Kendri wangu bado ananyonya kidole. Amekonda, lakini macho yale yale.

"Sasa mwanangu, mtu wa hapa unakodi mshipi?"

"Nimeuliza langoni. Mlinzi kasema nikate tiketi."

Akanionyesha tiketi. Ya wageni, ina picha ya hekalu letu na ziwa. Nikataka kwenda kumchamba yule mlinzi, halafu nikakumbuka kwamba hajakosea. Resti alipoolewa walikuja wazee wa mume kutoka bondeni, akapiga magoti kwenye madhabahu ya kwa baba yake akawaaga mababu zake. Ukishaaga umeaga, unakuwa mtu wa mababu wa mume. Sasa mume kaoa mwingine kwa sababu hawakujaliwa mtoto, na Resti kaondoka. Wa kule sio wake tena, wa huku aliwaaga. Mwenzangu hana hata babu mmoja wa kumwombea.

Nikamfunga mshipi mwenyewe. Pesa sikuchukua. Aliingia na wale wa makamera, akakaa kwenye ngazi za ua wa nje, maana ua wa ndani wageni hawaruhusiwi, akainua viganja vyake kutokea pale. Bibi mmoja wa kizungu akampiga picha.

Basi liliondoka, yeye hakupanda. Nimempa chumba cha nyuma.

Baba Kendri akasema, "Umefikiria? Ukuta wa chumba kile ni ukuta wa kwa baba yake."

Nikamwambia nusu ya ukuta ni yetu, amelala kwenye nusu yetu.

7 Desemba
Nimekwenda kwa Babu Gati asubuhi. Ndiye baba yake Resti. Zamani mji mzima tulimwita Baba Resti, maana ndiye mtoto wake wa kwanza, lakini tangu binti atoroke aliacha kuitikia, na mwanawe wa kiume alipopata Gati mzee alifurahi mno, akawa Babu Gati moja kwa moja. Ni mkubwa kwenye baraza la mji, anakaa safu ya kulia, mtu wa taratibu. Hata ng'ombe wake anamfunga kwa taratibu.

Nikamkuta anakata majani. Nikasema, "Babu Gati, umesikia nani yuko kwangu?"

"Nasikia mvua."

"Yuko kwangu, chumba cha nyuma."

Akaendelea kukata majani. Halafu akasema, "Aliyetoka hapa kwa kuagwa anarudi kwa kuletwa. Waje watu wa mume waseme, tunamrudisha. Nitawapokea kwa kahawa. Mletaji simuoni."

"Watu wa mume wamekataa kuja, Babu. Wanasema kaondoka kwa miguu yake."

"Basi," akasema, akabeba mzigo wake.

Na yule mkwe wake, Mama Gati, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, hakuniambia hata karibu. Nyoka yule. Anaogopa wifi akirudi atagawana naye jiko.

11 Desemba
Mvua. Sufuria tatu ziko chini ya paa.

19 Desemba
Kila asubuhi Resti anakata tiketi. Nimemwambia mlinzi amwache apite bure, mlinzi anasema bure wanapita wenyeji, na yeye akisema ni mwenyeji baraza litamuuliza nani kampokea. Kijana ana adabu, maskini. Alimwambia, "Dada, samahani, leo tena?" kama yeye ndiye mwenye deni.

Resti ananisaidia mezani. Ana mkono mzuri na wageni. Leo mmoja wa makamera alimwambia yeye ndiye sura halisi ya mji huu wa zamani, asimame mbele ya mnara apigwe picha. Akasimama. Walipoondoka akacheka mpaka akakaa chini, halafu sikujua kama bado anacheka.

Watu wa soko la kabichi wananiuliza, huyu bado yupo? Nawaambia yupo, tena anapika kuliko mimi. Wanamwita Resti, Resti. Kwetu mwanamke mtu mzima kuitwa kwa jina lake tupu, bila mama fulani mbele, ni kama kupita sokoni kichwa kimenyolewa nusu. Yeye anaitikia vizuri tu.

2 Januari
Mwaka wa wazungu umepita, wageni walijaa, nimechoka. Machungwa yanaoza mtini kwa mvua.

9 Januari
Bibi Kumpi anaumwa. Ni mama yake Babu Gati, mkongwe wa mji, meno yote yaliisha kwa tambuu. Anakohoa, nasikia mpaka jikoni kwangu. Resti anasikia zaidi, kitanda chake kiko ukutani. Bibi ndiye aliyemlea, mama mzazi alikufa Resti bado mdogo.

Nikamwambia, "Nenda kamwangalie, mgonjwa hana taratibu."

Akasema, "Nikienda bila kuitwa nitakuwa mgeni nyumbani kwa baba. Hekaluni nimezoea. Pale sitaweza."

15 Januari
Nimemwona Mama Gati leo akiingia uani kwangu kwa nyuma, kama mwizi wa kuku, na furushi chini ya mwavuli. Nikajibanza nyuma ya mapipa. Akamkabidhi Resti majani machanga ya mnazi, yale yanayoletwa kutoka pwani kwa ajili ya sadaka. "Zisuke ndogo ndogo, wifi, kama za Bibi," akasema, akaondoka.

Kumbe. Kila nyumba lazima ipeleke sadaka zake za kusuka kwa sikukuu kubwa ya mwezi mpevu wa kumi kwa kalenda yetu, ndio Aprili ya wazungu, na mikono ya Mama Gati inajua jembe tu. Vikapu vyake vya mwaka jana vilikuwa kama vimekaliwa na ng'ombe. Sasa amepata mtumishi wa bure. Dada wa watu hamkaribishi hata maji, lakini kazi anampa.

18 Januari
Nimemsimulia Mama Sumerti. Mmoja tu.

20 Januari
Mama Sumerti kamsimulia nani sijui, leo nimeambiwa habari ile ile na muuza samaki wa ziwani, ambaye hata hakai hapa. Na imenenepa njiani, ati Mama Gati anamlipa Resti kwa mchele.

23 Januari
Leo kuna ugomvi, na nitauandika wote.

Babu Gati kaja kwangu. Yeye mwenyewe, kwa lango la mbele, tangu Desemba hajavuka. Kasimama chini ya paa, maji yanamchuruzika. Resti alikuwa ndani na majani magotini, akanyanyuka yote yakamwagika. Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mama Kendri. Mji unasema nyumba yangu inakodi mikono ya watu wa nje kwa sadaka za hekaluni. Ni kweli?"

Nikasema, "Watu wanasema mengi, Babu."

"Watu wanasema uliyosema wewe."

Hapo hapo akatokea Mama Gati nyuma yake, amelowa, hana mwavuli, kamfuata mkwewe mbio. Nilifikiri atanirukia mimi. Akasema, "Baba, majani nilimpa mimi."

"Hujui kusuka, ungeniambia, tungenunua sokoni kama wengine."

"Najua tungenunua." Na alisogea mbele yake, yule mwanamke nimemwita nyoka kwenye daftari hili. "Baba, sadaka ya nyumba inasukwa na mikono ya nyumba. Nilisema zikiingia hekaluni miungu ikazipokea, basi mikono hii imeshaingia. Nikasema zitaingia kidogo kidogo, mpaka siku moja tutamkuta yuko ndani na hakuna aliyejua lini."

Mvua ilipiga paa. Baba Kendri alizima redio.

Mzee akainama akaokota kikapu kimoja kidogo, kimesukwa kama nywele za bibi harusi. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Mtu anayejua kusuka anajua kusuka kwa Bibi Kumpi, ile kona inayokunjwa ndani, na Bibi Kumpi mikono yake haifungi hata kifungo siku hizi.

Akakiweka chini polepole. "Asisuke tena," akasema. "Miungu haiibiwi."

Walipoondoka nikamwambia Resti, "Unisamehe." Akaniambia, "Majani haya yatakauka, Mama Kendri, tuwape mbuzi." Afadhali angenitukana.

24 Januari
Nimempelekea Mama Gati machungwa. Akayapokea. "Una mdomo wewe," akaniambia. Nikamwambia najua. "Na mimi nilikuwa nakuona una roho ya kutu." Akasema anajua hilo pia, alisikia kwa muuza samaki. Tumekunywa kahawa.

30 Januari
Ukungu, ukungu. Mbwa anabweka hajui anambwekea nani.

8 Februari
Leo nimeteleza ulimi na sijutii. Babu Gati alipita na majani ya ng'ombe, kichwa chini, nikamwita kwa mazoea ya zamani, "Baba Resti, njia inateleza hapo!"

Akaitikia, "Naam." Kabla hajafikiri. Halafu akasimama katikati ya njia na mzigo wake kichwani, akasimama tu, mvua inampiga, mpaka nikamwonea huruma nikajifanya natafuta kuni. Resti alikuwa mezani. Alisikia. Akaendelea kukunja vikoi, ila alikuwa anakunja kile kile kimoja.

Nilikuwa namwona mzee yule ni jiwe. Sasa namwona ni mtu aliyefunga mlango akapoteza ufunguo mwenyewe, na anaona aibu kuita fundi.

14 Februari
Resti alikwenda kwa mzee wa kwanza wa baraza kuuliza kama kuna njia nyingine. Karudi amelowa mpaka mifupa. Mzee kamwambia njia ni moja, mwenye nyumba aseme huyu ni wangu. Akisema, siku hiyo hiyo baraza linamwandika. Asiposema, hata miungu ishuke yote, atakuwa mgeni.

"Na kama hatasema kabisa?" nikamuuliza.

"Nitakuwa mgeni anayejua njia," akasema. Halafu akasema hapana, hatakaa hivyo. Sikukuu ya mwezi mpevu ikipita bila neno atashuka kusini, kuna hoteli inatafuta mfuaji. Atakapokufa watamfukia wafuaji wenzake.

Sijalala vizuri.

27 Februari
Bibi Kumpi haamki tena kitandani. Mama Gati anamlisha uji.

12 Machi
Mvua imepungua mchana, inanyesha jioni. Mji mzima umeanza kazi za sikukuu, mianzi inakatwa, nguruwe wanapiga kelele.

20 Machi
Jana ilikuwa Siku ya Kimya, kwa hiyo naandika leo. Siku ile hutoki nje, huwashi moto, husemi, mji unajifanya haupo ili mashetani wapite juu wakidhani hakuna watu. Kwa mtu kama mimi ni siku ndefu kuliko mimba. Baba Kendri anaipenda kuliko harusi yetu.

Basi hakuna gari, hakuna redio, hakuna jogoo anayejitapa, kila kitu kinasikika. Mchana nikamsikia Bibi Kumpi upande wa pili wa ukuta. Sauti nyembamba, lakini maneno yalikuwa yametengana vizuri.

"Resti. Resti we, niletee maji."

Kama vile ana miaka kumi, yuko uani anacheza. Nikamtazama Resti. Alikuwa ameketi kitandani, mkono mdomoni. Hawezi kujibu, ni Siku ya Kimya. Hawezi kutoka, walinzi wa mji wako barabarani.

"Resti. Unachezea wapi wewe? Maji."

Upande wa pili nikasikia miguu ya mtu mzito, ya mzee. Nikasikia maji yanamiminwa. Nikasikia Bibi anasema, wazi kabisa, "Sio wewe. Nimemwita Resti."

Hakuna aliyejibu. Angejibu nani.

Resti akainuka, akachota maji kwenye mtungi wangu, akajaza kikombe, akaja nacho mpaka ukutani akakaa chini, mgongo kwenye ukuta, kikombe mapajani. Alikaa hivyo mpaka giza. Na upande ule, naapa, kuna mtu alikuwa ameegemea ukuta huo huo, maana udongo ulikuwa unadondoka kwetu kila alipopumua. Bibi hana nguvu za kukaa. Mama Gati ni mwepesi.

Nilitaka kusema. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na neno la maana na siku ikawa ile.

21 Machi
Leo ruhusa ya kusema. Nimemwambia Baba Kendri yote mara mbili.

Babu Gati kapita mbele ya meza. Resti alisimama. Mzee akageukia kwangu, akaniuliza mimi bei ya kahawa. Anajua bei ya kahawa.

28 Machi
Mvua ndogo. Kazi nyingi.

1 Aprili
Kesho ndiyo siku ya kwanza ya sikukuu. Nguzo za mianzi zimeinamia barabara zote na mapambo yake, nimepika nyama ya kukatakata mpaka mikono inanuka manjano. Resti amefunga begi lake. Lakini kasuka sadaka moja, yake mwenyewe, kwa majani aliyonunua mwenyewe, ataipeleka kesho mpaka ngazi za wageni, na keshokutwa anashuka na basi. Nimemwambia subiri sikukuu iishe, ni siku kumi na moja. Akasema akisubiri atasubiri maisha yote.

2 Aprili
Usiku huu naandika upesi, mtaniwia radhi mwandiko.

Asubuhi nimekwenda chemchemini kuchota maji ya baraka kabla watu hawajajaa. Njiani nikamkuta Mama Gati. Peke yake. Hana ua kichwani, hana shati jeupe, kavaa nguo za shambani siku ya sikukuu. Nikaelewa kabla hajasema.

"Bibi amelala," akasema.

Kwetu siku za sikukuu kubwa hatutangazi kifo. Gogo la msiba halipigwi. Mtu hajafa, amelala, na nyumba yake inafunga lango kimya kimya. Ila mwiko unakuwa umeshaingia. Watu wote wa nyumba ile, damu yao na wakwe zao, hawakanyagi hekaluni wala hawalikaribii mpaka wazikwe waliolala na nyumba isafishwe.

Nikasema, "Masikini Bibi. Nikamwambie Resti."

Akanishika mkono, kwa nguvu. "Usimwambie. Fikiria, Mama Kendri. Akijua akaingia hekaluni, atakuwa amesema mwenyewe kwamba sisi sio watu wake. Akijua akakaa nje, watasema amejifanya wa nyumba bila kupokewa. Neno hili sio lake na sio letu. Ni la baba."

"Na baba anasema nini?"

"Anamwosha mama yake. Hasemi."

Basi mimi, mimi Mama Kendri, nikarudi mezani kwangu na habari ile tumboni. Nilifikiri nitapasuka. Watu wamejaa, ngoma za shaba zinalia ndani, wanawake wanapita na minara ya matunda vichwani, na Resti anatoka chumbani kavaa vizuri, kikoi cha bluu, ua sikioni, sadaka yake mkononi. Akachukua mshipi wa njano.

Nikamwambia huo umelowa. Nikamtafutia mwingine. Nikamwambia huo una doa. Nikamfunga, nikafungua, nikasema umekaa upande. Nikammiminia kahawa.

"Mama Kendri," akasema, "unaumwa leo? Huongei."

"Koo," nikasema.

Akanywa kahawa. Akashukuru. Akashika tiketi yake na sadaka, akaanza kuelekea langoni. Mlinzi kamwona, kamtolea njia kwa heshima. Miguu yake ilikuwa karibu kufika kwenye ngazi.

"Resti."

Sauti ilitoka ng'ambo ya uwanja wa magari, huko nguzo za mianzi zinakoanza. Babu Gati alikuwa amesimama pale na nguo za kazi, kichwa wazi, mikono imelowa mpaka viwiko. Hasogei. Hawezi kusogea, ana mwiko, akisogea analichafua lango. Ilibidi apaze sauti juu ya ngoma, mbele ya mji mzima, mtu ambaye msimu wote hakumnong'oneza.

"Resti, usiingie."

Watu wakageuka wote. Nikasikia mwanamke mmoja anasema, jamani hata leo anamfukuza. Resti akasimama kama amepigwa. Akainua mkono.

"Nina tiketi, Baba."

Yule mzee uso wake ulivunjika, sijui niandike vipi. Akasema, "Tiketi ya nini wewe? Watu wa nyumba yetu leo hawaingii. Vua mshipi urudi nyumbani. Bibi yako amelala."

Watu wote tukaelewa, na hakuna aliyesema kitu, maana hakisemwi. Ila mzee wa kwanza wa baraza alikuwa langoni na shati lake jeupe, na yeye ni mtu wa taratibu vilevile. Akasema kwa upole, "Babu Gati, ngoja. Huyu hajapokewa bado. Kwa taratibu zetu ni msafi, anaweza kuingia."

"Msafi?" Babu Gati akasema. "Mwanangu huyu, bibi yake aliyemlea amelala, na wewe unamwita msafi?"

Mzee wa baraza akatazama chini.

"Baraza likae, liseme linavyotaka," Babu Gati akasema. "Liniketishe safu ya mwisho karibu na mbwa. Mimi mwiko nimeshamtia, na hautoki mpaka tumzike mama tusafishe nyumba. Twende, mwanangu. Hajafunikwa vizuri, miguu yake iko nje, na wewe ndiye anayejua anavyotaka kufunikwa."

Resti alitaka kufungua fundo, vidole havikubali. Nilifungua mimi. Nilifunga vizuri mno leo, nikajilaani. Sadaka yake ilibaki mezani kwangu, haikuingia, maana mikono iliyoisuka ni ya nyumba yenye msiba. Akavuka uwanja ule peke yake, wageni wa makamera wamesimama hawajui wanaangalia nini. Alipofika kwa baba yake hawakukumbatiana wala nini. Mzee alimtangulia hatua moja, akamfuata.

Mzee wa baraza akakohoa, akamwambia mlinzi, "Huyu usimkatie tiketi tena." Mlinzi akasema, "Ndiyo, Babu," akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Na mimi nikalia pale pale, nikauza kahawa huku nalia, watalii wakaacha chenji.

3 Aprili
Wamemzika Bibi kimya kimya alfajiri, bila gogo, nyumba itasafishwa sikukuu ikiisha. Begi la Resti amekuja kulichukua Gati, mbwa wao akimfuata. Chumba cha nyuma kitupu, nimekifagia, kinanitisha.

6 Aprili
Jua. Milima yote imeonekana mpaka ng'ambo ya ziwa, tulikuwa tumesahau ipo.

Nilikuwa mezani, hekalu limejaa, ngoma zinalia. Nikawaona wanapita barabara ya chini, mbali, wanatoka shambani na mizigo ya majani, mstari mmoja, mzee mbele, Mama Gati, Resti nyuma yao kavaa shati kuukuu la wifi yake lililochanika begani. Nikampungia mkono. Nikapaza sauti, "Resti, njoo unywe kahawa, mwanangu, nimekukosa!"

Akasimama, akaweka mzigo upande mmoja wa kichwa.

"Siwezi kuja huko, Mama Kendri," akaitikia, na barabara nzima ikamsikia. "Tuna msiba sisi."

Alivyolisema neno hilo, ungedhani anatuonyesha nguo mpya.